Ukinunua Kitabu cha Staa, Nunua Viwili

Watu wakishajua kwamba mi nasoma sana vitabu vya maisha ya wanamuziki swali linakuwa lilelile, "nipe kimoja kizuri cha fulani". Fulani anaweza kuwa Marley, anaweza kuwa Aretha, Fela, Miles, yeyote yule. Na jibu langu huwa linawakera kidogo kwasababu sitoi kimoja, natoa viwili. Kimoja cha staa mwenyewe, alichoandika au alichoandikiwa (tutafika huko), na kingine cha mtu ambaye hadaiwi fadhila na huyo staa. Mtu ananiambia sina muda wa viwili bana, namjibu basi soma nusu ya hiki na nusu ya kile, ila usibaki na kimoja, maana hapo utakuwa umesikiliza kesi upande wa mlalamikaji tu alafu ukatoa hukumu.

Sisemi kwamba mastaa wote ni waongo. Waongo wapo, tena wengi, lakini mi uongo wao haunikimbizi, kwa kweli saa nyingine ndo sehemu tamu kuliko zote. Chukua Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi. Maisha yake yote alisema kazaliwa tarehe 4 Julai 1900, yaani siku ya uhuru wa Marekani, tena mwanzo kabisa wa karne, tarehe imekaa vizuri utadhani kaichagua dukani. Akafa 1971 watu wakiamini hivyo. Baadaye mtafiti akafukua kumbukumbu za ubatizo kanisani New Orleans na kukuta 4 Agosti 1901. Au Loretta Lynn, malkia wa kantri, kwenye kitabu chake cha 1976 aliolewa akiwa na miaka 13, filamu ikatengenezwa kutokana na kitabu hicho na mwigizaji mkuu akapata Oscar, dunia nzima ikajua habari ya bibi harusi wa miaka 13. Mwaka 2012 waandishi wa habari wakaenda kwenye nyaraka, wakakuta mama wa watu kazaliwa 1932, kwahiyo siku ya harusi alikuwa na 15. Sasa 15 nayo ni balaa lakini ona alivyochagua kupunguza, huyu alikuwa kwenye biashara ambayo mwanamke akizeeka anawekwa kando, na miaka ikishapunguzwa mara moja kila tarehe nyingine kwenye kitabu inabidi iifuate.

Billie Holiday, mwimbaji wa jazi, ndo mfano ninaoupenda zaidi. Kitabu chake kilitoka 1956, kaandika na mwandishi wa gazeti anaitwa William Dufty, na sentensi yake ya kwanza ni moja ya sentensi kali kabisa kwenye aina hii ya vitabu. Anasema baba na mama yake walikuwa watoto tu walipooana, baba miaka 18, mama 16, na yeye Billie miaka 3. Unacheka, alafu unashtuka kwamba umecheka. Shida ni kwamba karibu kila kitu mle si kweli. Wale wawili hawakuwahi kuoana, na mama ndo alikuwa mkubwa kwa baba. Lakini hebu isome tena sentensi hiyo kwa sikio la mtu aliyewahi kumsikia akiimba: inachelewa kidogo nyuma ya biti, inakuja na kichekesho mbele na kidonda nyuma, ndivyo alivyokuwa anaimba. Hicho huwezi kukipata kwenye wasifu wowote ulioandikwa na profesa.

Kwahiyo nikimpa mtu kitabu cha Billie namwambia usikisome kama cheti cha kuzaliwa, alafu namkabidhi cha pili, cha Julia Blackburn cha 2005. Kile kina historia yake. Miaka ya 70 mwanamke mmoja, Linda Kuehl, alizunguka na kinasa sauti akahoji kila aliyemjua Billie, wapiga piano, wanaume wake, majirani wa utotoni, mpaka askari wa madawa ya kulevya waliokuwa wanamfuatilia. Akafariki bila kumaliza kitabu. Blackburn akayachukua yale mahojiano, na badala ya kuyaponda yote yawe stori moja laini akamwacha kila mtu aongee sura yake. Wanapingana! Mmoja anakwambia Billie alikuwa mtu wa huzuni tupu, mwingine anakwambia hajawahi kukutana na mtu anayecheka kama yule. Ukitoka hapo ukarudi kwenye sentensi ya baba miaka 18 mama 16 unaielewa tofauti kabisa, unaona mtu anayejipangia mwenyewe utoto ambao hakupangiwa na yeyote.

Sasa hili la kuandikiwa. Watu wakigundua kwamba staa hakuandika mwenyewe wanajisikia kama wametapeliwa, mi sijawahi kuona tatizo. Mtu kapiga tarumbeta miaka 40, kwanini awe pia anajua kupanga aya. Kinachonihusu ni nani kamwandikia na walielewana vipi, na hapa ndo inabidi niwaeleze kisa cha mwimbaji Aretha Franklin na mwandishi David Ritz maana nikiambiwa nichague pea moja tu ya kumpa mtu ambaye hajawahi kusoma aina hii, nachagua hiyo.

Ritz ni kama fundi wa kazi hii. Kaandika na Ray Charles mwaka 1978, kitabu safi sana, Ray anaongea wazi kuhusu heroini, wanawake, pesa, kila kitu bila kujitetea. Akawa karibu na Marvin Gaye (jina lake lipo hata kwenye watunzi wa ule wimbo mkubwa wa Marvin wa 1982), Marvin akauawa na baba yake mzazi tarehe 1 Aprili 1984, Ritz akatoa wasifu wake mwaka uliofuata. Kwahiyo Aretha alipotaka kuandika maisha yake, huyu ndo alikuwa mtu wake. Kitabu kikatoka 1999. Na ukikisoma, mtu wangu, ni kama umealikwa sebuleni kwa mama mkubwa mwenye heshima zake, kochi lina plastiki, unapewa juisi, na kila mlango mwingine wa nyumba umefungwa. Baba alikuwa mzuri. Mama alikuwa mzuri. Wanaume walikuwepo, basi. Ana watoto aliowazaa akiwa bado binti mdogo kabisa wa shule na anapita hapo haraka utadhani anakimbia mvua. Magauni yameelezwa vizuri sana lakini.

Ritz alikaa na hilo dukuduku miaka 15. Mwaka 2014 akatoa kitabu cha pili cha Aretha, safari hii bila ruhusa yake, na alichofanya ni kurudi kwenye mahojiano aliyokuwa ameyakusanya miaka yote ile na watu wa karibu kabisa: dada zake Erma na Carolyn, kaka yake Cecil aliyekuwa meneja wake, Jerry Wexler prodyuza wake, Ruth Bowen wakala wake. Wengi wao walishafariki kufikia hapo. Mle ndo unakutana na mwanamke mwenye hofu ya kila kitu, anayewaonea wivu waimbaji wenzie na hata dada zake mwenyewe, anayekosa shoo, mwenye majonzi ya mama aliyeondoka nyumbani na kufariki kabla bintiye hajafikisha miaka 10. Aretha akakasirika, akasema hadharani kwamba kile kitabu ni uongo. Mpaka anafariki 2018 hakubadilisha msimamo.

Na mi nimewahi kubishana na watu kuhusu nani yupo sahihi hapo. Wapo wanaosema Ritz kamsaliti, alilipwa kutunza siri za mtu akageuka kuziuza. Sijalikataa moja kwa moja. Lakini soma vyote viwili kwa kufuatana uone. Kile cha pili peke yake kinamfanya Aretha aonekane mtu mgumu tu, mkorofi. Kile cha kwanza peke yake hakina mtu ndani. Ukiviweka pamoja ndo unaona kwamba ule ukimya wa kitabu cha kwanza ulikuwa ni kazi, huyu mama alikuwa anaijenga hiyo sebule kwa nguvu kila siku, na sauti unayoisikia kwenye rekodi za 1967 inatoka kwenye vyumba vilivyofungwa. Hakuna mwandishi mmoja angeweza kukuonyesha hilo, hata huyohuyo Ritz imebidi aandike mara mbili.

Pea nyingine ninayoipenda haina siri za chumbani, ina pesa. The Band, bendi ya rock, wale jamaa watano, Wakanada wanne na Mmarekani mmoja, Levon Helm wa Arkansas, mpiga drams na mwimbaji. Levon akatoa kitabu 1993. Robbie Robertson, mpiga gitaa na mtunzi, akatoa chake 2016, wakati Levon ameshafariki miaka minne nyuma. Ugomvi ni huu: nyimbo nyingi zimeandikwa jina la Robertson, na anayeandikwa mtunzi ndiye anayepokea mirabaha ya utunzi kila wimbo unapopigwa redioni, unapowekwa kwenye filamu, unaporudiwa na msanii mwingine, maisha yake yote na warithi wake pia baada yake. Aliyeimba na aliyepiga drams wana hela yao ya mauzo ya rekodi, ambayo kwa mikataba ya zamani ilikuwa inaishia kwenye madeni ya studio. Levon anasema zile nyimbo zilitengenezwa na watu watano chumbani, stori za kusini ni zake yeye, namna ya kuimba ni yake, alafu kwenye karatasi akatokea mtunzi mmoja. Robertson anasema yeye ndo alikuwa anaamka asubuhi anakaa na karatasi wakati wenzie wamelala na hangover au wamegonga gari jingine.

Wote wawili wanasikika wanasema ukweli, ndo maana pea hii inaumiza. Na kuna jambo usipokuwa makini litakupita: kitabu cha Robertson kinaishia kwenye ile shoo ya kuagana San Francisco, Novemba 1976. Kinaishia pale pale ambapo kwa wenzie matatizo yanaanza. Cha Levon kinaendelea mpaka kwenye kujiua kwa Richard Manuel mwaka 1986, kwenye kuzunguka tena kwenye kumbi ndogo kutafuta riziki. Mtu akichagua tarehe ya kumalizia kitabu kashakwambia kitu kikubwa, kuliko sura nzima ya shukrani.

Kwa mtu yeyote anayefanya muziki, au ana mdogo wake anayefanya muziki, hii ndo pea ya kumpa kabla hajasaini karatasi yoyote.

(Halafu nimegundua wapiga drams wana vitabu vizuri. Wamekaa nyuma, wanaona migongo ya wote, na hakuna aliyekuwa anawaangalia wakiangalia. Cha Tony Allen, mpiga drams wa Fela Kuti wa Nigeria, cha 2013, alichoandika na Michael Veal, ndo dawa ya kitabu cha Fela alichokiandika Carlos Moore mwaka 1982. Kwenye kile cha Moore Fela anaongea kama mfalme aliyejeruhiwa, na kweli alikuwa kajeruhiwa, wanajeshi walivamia nyumba yake Februari 1977, mama yake akatupwa dirishani na akafariki mwaka uliofuata, sura hiyo huwezi kuisoma huku unakula. Ila ukitaka kujua bendi iliendeshwa vipi, nani alilipwa nini, ule mdundo ulitoka kwenye mikono ya nani, huko kwa Fela hutapata, nenda kwa Tony.)

Mwimbaji Miriam Makeba na mpiga tarumbeta Hugh Masekela nao unaweza kuwasoma pamoja, na hii ni pea ya ajabu kidogo maana walikuwa mke na mume, 1964 mpaka 1966. Cha Makeba kilitoka mwishoni mwa miaka ya 80, cha Masekela 2004. Mambo makubwa ni yaleyale, kuondoka Afrika Kusini, yeye Makeba 1959, Masekela 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, New York, umaarufu, na mlango wa nyumbani kufungwa. Makeba alikataliwa pasipoti alipotaka kurudi kumzika mama yake. Miaka 30 hivi nje. Ila sauti za vitabu ni tofauti kabisa. Makeba anaandika kama shahidi, anajua kwamba anaongea kwa niaba ya watu, ametoa ushahidi Umoja wa Mataifa mwaka 1963 na hiyo sauti haijamtoka. Kuna ukurasa mmoja tu hivi ambapo shahidi anaanguka na mama anabaki, ni pale anapomzika binti yake wa pekee, Bongi, huko Guinea mwaka 1985. Masekela kwa upande wake anakupa kila kitu, pombe, kokeni, wanawake, pesa zilizoteketea, tarumbeta aliyotafutiwa na Padri Huddleston akiwa kijana, nyingine iliyotumwa na Armstrong mwenyewe kutoka Marekani, anacheka sana, anajianika sana, mpaka saa nyingine unatamani aweke nguo. Na kama una hamu zaidi ongeza cha mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte cha 2011, maana yeye ndo alimfungulia Makeba milango ya Marekani na walipata Grammy pamoja mwaka 1966. Watu watatu, chumba kilekile, na kila mmoja anakumbuka yeye ndo alikuwa amesimama karibu na dirisha.

Kuna pea ambazo mtu anajipinga mwenyewe. Tina Turner alitoa kitabu 1986 na kingine 2018. Cha kwanza kina moto, ndo ametoka tu kurudi kileleni, anaeleza usiku wa Julai 1976 Dallas alivyomtoroka Ike, mume wake aliyekuwa anampiga, akiwa na senti 36 na kadi ya mafuta mfukoni. Cha pili aliandika akiwa bibi anayeishi Uswisi, amepata kiharusi, amepata saratani, mume wake amempa figo mwaka 2017, na yule Ike aliyejaza kurasa za kitabu cha kwanza sasa anachukua nafasi ndogo. Wengi wanasema cha pili ni dhaifu. Mi nadhani ni kizuri kuliko kinavyosifiwa, ila kwa sharti uwe umesoma cha kwanza, vinginevyo hujui hasira gani imepoa.

Na pale ambapo upande wa pili haupo? Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, alitoa chake 2010, kitabu kinene, kina raha, na sehemu inayonifanya niwape watu wasiojali kabisa Rolling Stones ni pale anapoeleza gitaa lake. Aliacha kulitia nyuzi sita. Akautoa ule uzi mnene wa juu, akabaki na tano, akazikaza kwa mpangilio ambao ukipiga tu bila kubonyeza chochote unapata kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kamili ya G, na kuanzia hapo kidole kimoja au viwili vikigusa huku uzi mwingine unaendelea kuvuma, ndo unapata zile rifu zake, vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia, unazozijua hata kama hujui kwamba unazijua. Anaandika kuhusu hilo kama mtu aliyeongoka. Ukiweka kitabu chini ukapiga rekodi zao za 1969 unasikia ule uzi unaovuma, haukuwepo masikioni mwako kabla.

Lakini huyohuyo Keith anamsema Mick Jagger, mwimbaji wa bendi, vibaya kurasa nyingi, na Mick hana kitabu. Miaka ya 80 alikubali kuandika, akachukua malipo ya awali, ikashindikana, akarudisha hela. Matokeo yake ni kwamba stori ya ile bendi vichwani mwa watu wengi sasa ni stori ya Keith. Aliyeandika ndiye aliyeshinda. Ukisoma chake weka Mick pembeni akiwa amenyamaza, usimpe hatia kwasababu tu hakufika mahakamani.

Bob Dylan naye ni kesi nyingine, ila huyu kwa sababu kitabu chake cha 2004 hakisaidiwi na chochote. Unatarajia akueleze miaka ya 60, ile ambayo kila mtu anaitaka, yeye anairuka. Anakaa New York 1961 wakati hajulikani, alafu anakurusha kwenye albamu ya 1970 ambayo sio watu wengi wanaijali, alafu sura ndefu kuhusu kurekodi New Orleans mwaka 1989 na prodyuza Daniel Lanois, wanavutana siku nzima kuhusu wimbo mmoja unaokataa kukaa. Wasomaji wenye macho makali wamekuja kugundua vipande vya sentensi mle vimeokotwa kwenye magazeti na riwaya za watu wengine. Kwa mtu anayetaka kujua maisha ya Dylan ni kitabu kibovu. Kwa mtu anayetaka kuona jinsi kichwa cha mtunzi kinavyookota vitu sijui kingine kinachokifikia. Kwenye jalada kimeandikwa juzuu ya kwanza, ya pili tunaisubiri mpaka leo.

Usije ukadhani basi kwamba mtu wa nje ndiye mkweli. Mtu mmoja aliyeharibu zaidi kazi hii hakuwa staa, alikuwa msaidizi wa staa. Beethoven alipokuwa kiziwi watu walikuwa wanaongea naye kwa kumwandikia kwenye madaftari. Alipofariki 1827 Anton Schindler, aliyekuwa kama karani wake, akabaki na madaftari mengi, na huyu bwana akakaa akaongeza mazungumzo yake mwenyewe kwenye nafasi zilizobaki wazi ili ionekane alikuwa rafiki wa karibu kuliko alivyokuwa. Akaandika wasifu mwaka 1840, dunia ikaula. Ile habari kwamba noti nne za mwanzo wa simfoni ya tano ni majaaliwa yanabisha hodi, imetoka kwake. Ilichukua mpaka miaka ya 1970 watafiti kuonyesha rasmi kwamba yale maandishi kayachomeka baadaye. Ndo maana mi nikishika wasifu wowote naanzia nyuma, naangalia nani kahojiwa, nani kakataa, na huyu mwandishi yeye mwenyewe alikuwa wapi. Mwandishi anayejitokeza kwenye kila chumba muhimu, mtilie shaka.

Na kuna wale ambao hawakuacha kitabu kabisa, tuna maneno ya mwingine tu. Siti binti Saad ndiye wa kwanza kunijia. Wasifu wake kauandika Shaaban Robert, kwa hiyo bibi amepata bahati ambayo mastaa wengi wa dunia hawajaipata, kuandikwa na fundi wa lugha mkubwa kuliko wote. Kitabu ni kifupi, Kiswahili chake kinateleza, na kinamsifu kweli kweli. Shaaban anataka uondoke na mfano wa kuigwa, mtu wa Fumba aliyeanza chini kabisa akauza vyungu na akafika mpaka Bombay kurekodi mwaka 1928. Nakipenda, ila adabu yake ni nyingi mno. Upande wa pili wa pea hapa inabidi uwe nyimbo zenyewe. Wapinzani walimwimbia kwamba alikuja mjini na kaniki, kwamba kama si sauti angekula nini, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Pale humwoni mfano wa kuigwa, unamwona mwanamke aliyechokozwa na ana ulimi mkali kuliko waliomchokoza. Soma Shaaban, kisha tafuta rekodi, usimwache bibi wa watu amekaa kwenye sifa peke yake.

Kuhusu kupendekeza, nina tabia moja tu. Simpi mtu kitabu cha staa anayempenda sana. Anayempenda sana ana kitabu chake tayari kichwani na ukimpa kingine mnagombana. Nampa cha jirani yake. Shabiki wa Michael Jackson nampa cha prodyuza wake Quincy Jones cha 2001, kwasababu kile cha Michael cha 1988 ni cha mtu anayejificha nyuma ya tabasamu wakati Quincy anakueleza studio inavyofanya kazi. Anayesema hapendi jazi kabisa nampa cha Miles Davis, alichofanya na Quincy Troupe mwaka 1989, kinaanza na kijana wa miaka 18 huko St. Louis mwaka 1944 anaingia ukumbini na tarumbeta yake, mpigaji mmoja wa bendi ya Billy Eckstine anaumwa, anaambiwa panda, na pale jukwaani wapo Dizzy Gillespie na Charlie Parker, miamba ya jazi. Anasema tangu siku ile amekuwa akiitafuta ile hisia na hajaifikia tena. Nampa pia onyo, maana matusi ni mengi na Miles anasimulia jinsi alivyowapiga wanawake zake kwa ubaridi wa kutisha, na hapo kitabu cha kumjibu ingetakiwa kiandikwe na Frances Taylor, mke wake wa kwanza.

Wasiopenda kusoma nawapa vya kusikiliza. Bruce Springsteen kasoma mwenyewe kile cha 2016, sura za baba yake na sonona ukizisikia kwa sauti yake ni kitu kingine. Cha Britney Spears cha 2023 kasoma utangulizi tu, kilichobaki kasoma mwigizaji Michelle Williams, na ukishajua kitabu kinahusu nini, miaka 13 ya kuwa chini ya usimamizi wa baba, unaelewa kwanini hakutaka kuyapitia tena kwa mdomo wake.

Mara nyingi zaidi naulizwa Marley. Hapo Rita, mke wake, ana chake cha 2004, na Roger Steffens ana kile cha 2017 ambacho ni watu zaidi ya 70 wanaongea kwa zamu, wapiga vyombo, mameneja, marafiki, maadui. Nenda kwenye usiku wa tarehe 3 Desemba 1976 kwenye vyote viwili, watu wenye bunduki wanaingia nyumbani Hope Road, Rita anapigwa risasi ya kichwa, Bob anajeruhiwa, na siku mbili baadaye wapo jukwaani. Kwa Rita ni usiku wa mke na watoto ndani ya nyumba. Kwa wale mashahidi wa Steffens ni siasa, ni nani alikuwa anamdai nani, ni nani alijua mapema na hakusema. Anza na cha Rita. Ukianza na wale wengine utafika kwa mke ukiwa umeshachukua upande.